Kupitisha bomba la umwagiliaji chini ya njia ya zege: upige maji, ugongomee, uchimbe au ukate?

Kuna hali moja inawakuta watu wengi wa bustani. Koki iko upande huu, mboga au majani yako upande ule, na katikati kuna njia ya zege ya kutembea, ilimwagwa zamani na aliyeimwaga hakuwaza kabisa kuacha bomba chini. Sa unabaki kulaza mpira wa maji juu ya njia kila jioni, watoto wanajikwaa, wageni wanajikwaa, mpira wenyewe unaliwa na jua mpaka unapasuka, hadi siku unasema basi, hili bomba lazima lipite chini. Ndo hapo mkanganyiko unapoanza, manake kila unayemuuliza anakupa njia yake na anaapa hakuna nyingine.

Mimi tatu kati ya hizi nne nimezifanya kwa mikono yangu na moja nimesimama pembeni ya fundi akiifanya mwanzo mpaka mwisho. Nitaziweka zote kwa vipimo vilevile, we angalia pale kwako pakoje.

Vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Cha kwanza udongo, na hiki ndo kinaamua kuliko vingine vyote, kuliko hata vifaa ulivyonavyo. Chimba pembeni ya njia mpaka sentimita 40 hivi, chukua udongo wa huko chini (wa juu unadanganya), ulowanishe kidogo uuviringe kwa viganja. Ukikataa hata kushikana donge huo ni mchanga, ukitoka kijiti kirefu kinachopinda bila kukatika huo ni mfinyanzi, wa katikati hapo ni tifutifu. Ukitaka uhakika zaidi tia udongo kwenye chupa ya mdomo mpana mpaka nusu, jaza maji, tikisa kwelikweli halafu uiache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja mbili, mfinyanzi unaweza kupitisha siku nzima maji bado yana rangi. Halafu mawe. Chukua kipande cha nondo ya milimita 12, kichome kwa ubavu chini ya njia sehemu tatu nne tofauti, ikiingia na kusimama ghafla kila mahali ujue kuna mawe huko na mipango mingine itabadilika.

Cha pili nafasi. Njia nyingi za kutembea zina upana wa kama mita 1 mpaka 1.5 na unene wa zege karibu sentimita 10. Hiyo haisumbui, kinachosumbua ni je pembeni una eneo la kuchimba mtaro mrefu ulionyooka sawasawa na uelekeo wa bomba? Kama upande mmoja kuna ukuta na mwingine kuna mti, kupiga maji na kugongomea kunajifuta kwenyewe.

Cha tatu presha ya maji yako, hiki wengi wanakisahau. Kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa kama bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Kwaiyo tenki lililokaa mita 3 juu linatoa bar 0.3 tu, ni presha ya kujaza ndoo, sio ya kutoboa ardhi. Bomba la mtaani lenye nguvu linaweza kukupa bar 2 mpaka 4 na hapo mambo ni tofauti kabisa.

Cha nne, unapitisha nini. Bomba moja la milimita 25 ni jambo dogo, mabomba mawili pamoja na waya za valvu za umeme ni jambo lingine. Na tafadhali sana, njia yoyote utakayoichagua, usipitishe bomba la maji peke yake, tanguliza bomba la kinga lenye kipenyo angalau mara mbili ya bomba lako (bomba la 25 lipite ndani ya la 50), ili siku likipasuka unalichomoa na kuingiza jipya bila kugusa udongo.

Cha tano hali ya zege. Lina nyufa tayari? Lina nondo au wavu ndani? Linapitwa na miguu tu au kuna gari linapanda?

Na kabla hata ya vyote hivyo jua chini kuna nini na njia ni ya nani. Nyaya za umeme, bomba la maji ya nyumba, maji taka, gesi, vyote vinapenda kupita kando ya njia. Uliza wenye huduma hizo, waje wakuonyeshe zinapopita. Kama njia ni ya umma omba ruhusa kwa wanaoisimamia, hili halina mjadala, na wengine wanakataza kabisa kukata zege ila wanaruhusu kupita chini.

1. Kupiga maji

Unachukua bomba gumu la PVC au la chuma la milimita 20 hivi, refu kuliko upana wa njia kwa kama sentimita 60, nyuma unaunga mpira wa maji, mbele unaweka mdomo mwembamba ili maji yatoke kwa kasi. Unalaza bomba kwenye mtaro, unafungua maji, unasukuma huku unarudisha nyuma, mbele nyuma mbele nyuma, maji yanakula udongo na kuutoa kama uji unaorudi kandokando ya bomba mpaka miguuni kwako.

Udongo: mchanga na tifutifu ndo mahali pake, mita moja unaweza kuimaliza ndani ya dakika chache. Mfinyanzi unapitika ila taratibu na unakugandia mpaka magoti. Penye mawe sahau, maji yanayazunguka na bomba linafuata maji, linaenda popote.

Nafasi: mtaro wa urefu wa bomba zima upande mmoja, na shimo la kupokelea upande wa pili. Chimba pale unapoanzia pashuke sentimita 15 zaidi ya usawa wa bomba ili uji ukae humo uuchote, la sivyo unafanya kazi ndani ya bwawa huoni kitu.

Vifaa na nguvu: ni rahisi kuliko zote ila presha iwepo. Kwa tenki la mita 3 hutoboi, utatengeneza tope tu, tafuta pampu.

Hatari kwa zege: hapa nataka nikae kidogo manake yalinikuta. Udongo wangu ulikuwa wa kichanga, bomba likatokea upande wa pili haraka, unaona kwanza udongo wa shimo la kupokelea unalowa na kubadilika rangi, halafu unapumua viputo, halafu maji yanafumuka, raha tupu. Nikataka tundu liwe pana bomba la kinga lipite vizuri, nikayaacha maji yanapiga huku nalichezesha bomba karibu saa nzima. Nilichota ndoo za uji mpaka nikaacha kuhesabu, na sikujiuliza hata mara moja huo udongo wote unatoka wapi. Ulikuwa unatoka chini ya zege. Miezi miwili baadae njia ikatoa ufa kutoka ukingo mpaka ukingo, nilipoigonga na mpini wa jembe ikalia kama ngoma, ndani pako wazi. Kwaiyo kanuni ni hii: tundu likitokea upande wa pili funga maji papo hapo. Na ukitaka tundu pana usilipanue kwa maji, funga bomba la kinga kwenye ncha iliyotokea ulivute kurudi nalo. Kwenye mchanga fanya hivo bila kuchelewa kwa sababu ukichomoa bomba tupu tundu linaziba nyuma yako. Pakibaki wazi, shindilia udongo wenye unyevu kwa kijiti toka pande zote mbili mpaka pakatae, au mchanga uliochanganywa na simenti kidogo.

Inamfaa nani: mwenye udongo laini, maji ya nguvu, bomba moja dogo, na njia ya miguu tu.

2. Kugongomea bomba la chuma

Hii ni ya jasho. Bomba la chuma lenye uzi, la milimita 25 mpaka 50 kulingana na bomba la kinga utakalolivuta, mbele unafunga kofia ili udongo usiingie, nyuma unafunga soketi au kofia nyingine ya kuumizwa na nyundo badala ya uzi wa bomba, halafu unapiga.

Udongo: tifutifu na mfinyanzi wenye unyevu kiasi ndo inapopenda. Tundu lake linabaki limebanwa vizuri, halibomoki, unachomoa chuma kwa spana ya bomba huku unazungusha na nyuma yake umeunga bomba la plastiki linalofuata lenyewe. Mfinyanzi uliokauka wakati wa kiangazi ni kama kupiga tofali, mwagia maji kwenye mtaro jana yake uache yanywe usiku kucha. Mawe madogo linayasukuma pembeni. Jiwe kubwa utalisikia, mlio unabadilika kutoka "duu" ya kuzama kuwa "ngee" ya chuma na nyundo inakurudisha mkono, hapo acha, usishindane nalo, ukizidi kupiga bomba linapinda na litatokea hata juu.

Nafasi: ndo udhaifu wake mkubwa. Unahitaji urefu wa bomba pamoja na mahali pa kurushia nyundo, njia ya mita 1.5 inakudai mtaro wa karibu mita 3, na uwe na upana wa wewe kuchuchumaa. Na weka pima maji (kile kifaa cha kuonyesha usawa) juu ya bomba kila baada ya mapigo kumi hivi ya mwanzo, manake likianza limeinama kidogo tu, mwisho wa safari kosa limeshakuwa la kiganja kizima.

Vifaa na nguvu: nyundo kubwa, bomba, kofia, spana. Maji hayahitajiki. Watu wawili ni bora, mmoja anaangalia usawa mwingine anapiga, ila anayeangalia asishike bomba wakati wa pigo.

Hatari kwa zege: ndogo ukiwa chini vya kutosha. Udongo hautolewi, unasukumwa, na ukisukumwa karibu sana na juu unainua zege. Wanaotumia mashine za kugongomea wana kanuni ya kuacha udongo wa kama mara kumi ya kipenyo juu ya bomba, kwaiyo bomba la 40 liwe na sentimita 40 za udongo kabla ya kufika zege. Zaidi ya 50 kwa mkono sikushauri.

Inamfaa nani: mwenye eneo la wazi upande mmoja, asiye na presha ya maji, na asiyetaka kabisa kuacha uwazi chini ya zege.

3. Kuchimba tundu kwa mkono

Watu wanaidharau hii, na mimi naipenda. Unachimba shimo kila upande wa njia, la kukutosha kupiga magoti, halafu unaingia chini ya zege kwa mtaimbo mfupi na kikopo au koleo dogo, nusu toka huku nusu toka kule mnakutana katikati. Njia ya mita 1.2 maana yake kila upande ni sentimita 60 tu, mkono unafika.

Udongo: wowote unaosimama wenyewe, na ndo njia pekee ya kupita chini kwenye mawe, kwa sababu jiwe unaliona, unalizunguka au unaling'oa. Mizizi pia unaiona, unaweza kupitisha bomba chini ya mzizi bila kuukata. Mchanga mkavu hapana, unamwagika wote.

Nafasi: inahitaji kidogo kuliko zote za kupita chini, shimo la mita moja kila upande linatosha, hata penye ukuta karibu.

Vifaa na nguvu: karibu kila mtu anavyo. Kuna wanaotumia drili yenye keekee ndefu ya udongo, inaharakisha, ila ikikwama kwenye mzizi drili ndo inazunguka, na viganja vyako nayo, shika kwa mikono miwili na mwendo uwe wa chini. Muda ndo gharama yake, weka nusu siku mpaka siku nzima.

Hatari kwa zege: tundu huwa kubwa kuliko lazima. Libane lisizidi kiganja kimoja na nusu kwa upana, na ukishapitisha bomba rudisha udongo kidogokidogo ukiushindilia kwa mti kuanzia katikati kuja nje. Ukijaza tu mdomoni ndani panabaki pango, ni ufa wangu uleule unarudi. Na ni mkono unaingia chini, sio kichwa wala mabega.

Inamfaa nani: mwenye mawe au mizizi, eneo finyu, mwenye kupitisha mabomba kadhaa kwa pamoja, mwenye muda.

4. Kukata zege

Unakata mistari miwili yenye nafasi ya sentimita 25 mpaka 30, unatoa kipande, unachimba mtaro wa kawaida, unalaza bomba, unafukia, unamwaga zege jipya.

Udongo: haijali kabisa. Mawe, mchanga, chochote, unaona kila kitu kwa macho. Hii ndo nguvu yake, na bomba linakaa kwa kina unachotaka na mteremko unaotaka.

Nafasi: pembeni huhitaji zaidi ya upana wa mtaro. Ila njia yenyewe itafungwa, jiulize watu watapita wapi.

Vifaa na nguvu: hapa ndo watu wanapojidanganya na grinda ndogo. Disiki ya milimita 115 inazama kama sentimita 3 tu, ya 230 inazama 6 na kitu, na zege lako ni 10. Kwaiyo unakata mstari juu halafu unamalizia kwa tindo na nyundo, au unakodi msumeno mkubwa wa zege. Tumia disiki ya almasi. Vumbi la zege kavu lina silika na linaharibu mapafu bila kurudi nyuma, kwaiyo kata kwa maji, na iwe mashine iliyotengenezwa kutumika na maji, usimwagie grinda ya umeme ya kawaida. Miwani, barakoa nzuri ya vumbi, vya kuzibia masikio.

Hatari kwa zege: umeshalikata, sa kazi ni kulirudisha vizuri. Fundi niliyemwangalia alikata kwenye kiungo cha zamani cha zege upande mmoja, kwaiyo kiraka kikaonekana kama kilipangwa. Udongo aliurudisha kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka anashindilia mpaka kisigino hakizami. Zege la simenti 1, mchanga 2, kokoto 3. Akafunika magunia yaliyolowa na kuyamwagia kwa siku 7. Siku mbili za mwanzo hakuna kukanyaga, na nguvu kamili ya zege hupimwa siku ya 28, kwaiyo kama kuna gari linapita hapo subira. Rangi haitafanana, hilo kubali mapema.

Inamfaa nani: ambaye zege lake limeshachakaa na lingekatwa tu siku moja, mwenye bomba kubwa au mengi, mwenye gari linalopita juu.

Kabla ya kufukia, kwa njia zote

Kusiwe na kiungo chochote chini ya zege, kipande kimoja kizima kitokeze sentimita 15 au zaidi kila upande. Ziba midomo ya bomba kwa tepu wakati wa kulipitisha, tope likiingia litaenda kuziba matundu yote ya dripu. Fungua maji saa nzima uangalie viungo vikiwa wazi. Acha kamba ndani ya bomba la kinga, na midomo yake izibwe panya wasihamie. Kama mfumo umeunganishwa na maji ya kunywa ya nyumba weka valvu ya kuzuia maji kurudi.

Kwa hali yako

Kama njia yenyewe sio zege la kumwaga ni vitofali vilivyopangwa, acha haya yote, inua mstari mmoja wa vitofali, chimba, pitisha, rudisha mchanga na vitofali vyako.

Kama njia ina mwisho mita chache mbele, kuzunguka kunaweza kukutosha. Kwa dripu inayofanya kazi na bar 1 hivi mita 10 au 15 za ziada za bomba la 25 hazitasumbua sana. Kwa vinyunyizio vinavyotaka bar 2 au 3, au kwa maji ya tenki ambayo presha yake ni kidogo tangu mwanzo, piga hesabu kwanza.

Udongo laini na presha ipo, piga maji na uwe na nidhamu ya kufunga koki. Udongo laini lakini maji ni ya tenki, gongomea kama pembeni una mita 3, usipokuwa nazo chimba kwa mkono, ila sio kwenye mchanga mkavu. Mawe na njia nyembamba, mkono. Mawe na njia pana ya mita 2 kwenda juu, kata, au tafuta wenye mashine ya kutoboa ardhi kwa nguvu ya hewa, hasa kama njia ni ya umma na kukata kumekatazwa. Zege lina nyufa tayari, usipige maji hata kama udongo unaruhusu.

Na kama umeanza njia moja ikagoma, sogea sentimita 30 pembeni ujaribu tena, mara nyingi ni jiwe moja tu ndo lilikuwa limekaa pale. Ukigonga tena la pili na la tatu, badilisha njia siku hiyohiyo wakati mashimo yote mawili bado yako wazi, manake mashimo hayohayo ndo utayatumia kuchimba kwa mkono.